Massey yetu nyekundu, chini kuna kijivu na shaba. Naomba msaada kupata rangi ya kiwandani

Mjukuu wa Oldeani

Wakuu, habari za wakati huu.

Nina trekta la marehemu babu hapa Karatu. Kijiji kizima kinaliita "Massey ya mzee" na tangu napata akili ni jekundu. Limesimama chini ya mgrevilea tangu pampu ya dizeli ilipokufa, na mwaka huu nimeamua kulifufua. Injini imeshawaka. Ni ile ya silinda nne, asubuhi za baridi huku kwetu inagoma mpaka uibembeleze. Breki tayari, mpira wa usukani tayari, sasa nimefika kwenye rangi.

Nilikuwa nimeshaamua: nashuka mjini, nanunua nyekundu na kijivu kama Massey Ferguson (MF) 135 zote unazoziona barabarani, fundi anapuliza, tumemaliza. Wiki iliyopita nikawa naosha tumbo la trekta kwa mafuta ya taa, pale injini inapoungana na giaboksi, ambapo grisi na vumbi vimeshikana unene wa kidole. Nilipoingiza kisu, lile gamba likabanduka zima kama ukoko wa ugali. Chini yake hakuna kijivu. Kuna rangi ya shaba, na ukiinamisha tochi inamemeta.

Nikahamia kwenye boneti. Nikachukua msasa wa maji namba 800, nikasugua duara dogo la ukubwa wa sarafu. Pete zikajitokeza kama za gogo lililokatwa: nyekundu ya juu iliyopauka, ya kupaka kwa brashi maana mistari inaonekana, nyekundu ya pili inayoelekea damu ya mzee, halafu kijivu cheupecheupe, halafu praima ya rangi ya kutu, halafu bati.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, hili trekta lilitoka kiwandani na rangi gani? Pili, nikishajua, nitaipataje rangi hiyo hapa Tanzania bila kubahatisha? Sitaki kijivu chochote tu, nataka kile chake.

Dereva Mstaafu

Kijana, hongera kwa kufufua. Ila usijichoshe. Kijivu ulichokiona ni andakoti. Mafundi wa zamani walikuwa wanapiga kijivu kwanza ndipo nyekundu ikae vizuri. Na hiyo shaba kuna mtu alikuwa na kopo la rangi ya kupamba geti akalimalizia hapo. Massey ni nyekundu. Nimeendesha Massey miaka 31.

Mbongo Midlands

Wakuu, ngoja niingie maana hapa nina la kusema. Naishi Coventry, Uingereza, na kiwanda cha Banner Lane kilichotoa trekta hilo kilikuwa mji huuhuu. Siku hizi pale ni nyumba za watu.

Mjukuu, usiguse tena hiyo boneti mpaka usome hapa. Trekta lako huenda si Massey kabisa.

Harry Ferguson, mtengenezaji wa matrekta, alikuwa mtu wa kijivu. Trekta lake la majaribio la 1933 lilipakwa jeusi, lipo Science Museum, London. Baada ya hapo kila kilichobeba jina lake kikawa kijivu. Trekta zake za TE20 zilitengenezwa Coventry kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya nusu milioni, zote kijivu kuanzia boneti mpaka difu. Mwaka 1953 akaungana na kampuni ya Massey-Harris, na wale watu wao walikuwa na nyekundu. Kwa miaka michache kampuni moja ikawa na rangi mbili, wafanyabiashara wa aina mbili na mvutano mwingi.

Katikati ya mvutano huo, mwaka 1956, ndipo lilipotoka Ferguson 35. Boneti na madigadi kijivu, tumbo zima rangi ya shaba: injini, giaboksi, difu. Wapenzi wa matrekta huku wanaliita tumbo la dhahabu. Mwishoni mwa 1957 mambo yakabadilika, mabati yakawa mekundu, tumbo likawa kijivu, na jina likawa Massey Ferguson. Yaani rangi ziligeuzwa juu chini. Dizeli ya silinda nne iliyotengenezwa na kampuni ya Standard iliendelea mpaka 1959 ilipoingia injini ya Perkins ya silinda tatu. Hiyo ya Standard inajulikana dunia nzima kwa kugoma asubuhi ya baridi, kwa hiyo ulichosema kuhusu kuibembeleza kimenishtua.

Silinda nne, tumbo la shaba, bati la kijivu. Hizo zilitengenezwa kwa muda usiozidi mwaka na ushee. Angalia kibao cha namba kwenye dashibodi chini ya usukani, na angalia mbele ya boneti kama kuna alama ya nembo iliyotolewa.

Dereva Mstaafu

Haya, nimesoma. Lakini bado swali langu lipo palepale. Utajuaje kijivu ni rangi na siyo praima?

Fundi Puliza

Swali la mzee ni la msingi na linajibika. Napuliza magari na mitambo miaka mingi, nipo Moshi. Fanya hivi mkuu:

Chukua lile duara la kijivu, lisugue kwa msasa wa maji 1500, kisha 2000, kisha kompaundi ya kung'arishia kwa kitambaa laini. Praima haing'ai hata ukeshe nayo. Inabaki kavu kama chaki kwa sababu ndani imejaa unga, gundi ni kidogo. Rangi ya juu itakurudishia uso wako.

Halafu tumia kitambaa chenye thina. Kibonyeze sekunde kumi bila kusugua. Kikitoka na rangi, hiyo ni NC (rangi ya selulosi inayokauka haraka) au praima ya mtaani. Kikitoka kisafi, hiyo ni rangi iliyokaa na kukomaa.

La mwisho, tafuta sehemu ambazo hakuna fundi wa mtaani angehangaika kupiga andakoti: nyuma ya dashibodi, chini ya trei ya betri, upande wa ndani wa madigadi unaogusana na ekseli, chini ya vibano vya tangi. Ukikuta kijivu huko na hakuna nyekundu juu yake, kesi imekwisha.

Na tafadhali, sugua kwa maji tu. Usipige grainda kwenye rangi ya miaka hiyo. Zile rangi zina risasi ndani yake, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Toa watoto na kuku hapo, yale maji ya msasa yakusanye kwenye ndoo, usiyamwage bustanini.

Mjukuu wa Oldeani

MREJESHO WA KWANZA.

Nimefanya yote. Kijivu kimeng'aa. Siyo sana, ila niliona kivuli cha mkono wangu. Kitambaa cha thina kilitoka na nyekundu ya juu tu, kijivu hakikuacha hata doa.

Kubwa zaidi ni mbele ya boneti. Nilipoondoa nyekundu kwa upole nikakuta matundu mawili yaliyozibwa kwa pati, na kuyazunguka kuna kivuli cha umbo la nembo, kijivu chake hakijapauka kama cha pembeni. Kuna mtu aliitoa nembo, akaziba, akapaka nyekundu. Kibao cha namba kimeandikwa Ferguson peke yake, Massey haipo.

Nimekaa chini ya ule mgrevilea kama nusu saa. Babu amelima nalo miaka yote ile na sidhani kama aliwahi kujua, maana alilinunua kwenye chama cha ushirika likiwa tayari jekundu.

Dereva Mstaafu

Nimekubali. Umenifundisha, mwanangu.

Mkulima Njoro

Hamjambo nyote. Mimi ni wa huku Njoro, Kenya. Nimetengeneza Fordson Super Major ya baba yangu na nataka kukuokoa na kosa nililofanya, kwa sababu liliniramba pesa.

Super Major ni ya bluu na rimu za machungwa, isipokuwa zile za mwisho za 1963 na 1964 ambazo rimu na madigadi ziligeuka kijivu. Yangu ni ya rimu za machungwa. Nikapeleka kipande cha boneti kwa duka moja la rangi mjini, wakakisoma na mashine, wakanichanganyia lita nne. Pale dukani chini ya taa ya stima ilikuwa sawasawa, hata mimi nilitabasamu. Nikapuliza boneti yote. Nilipoisukuma nje kwa jua, kumbe imeegemea zambarau! Kipande cha zamani kando yake kilikuwa bluu safi.

Makosa yalikuwa mawili. Moja, nilipeleka upande wa juu wa boneti, ule uliochomwa na jua miaka arobaini. Mashine ilisoma rangi iliyokufa ikanipa rangi iliyokufa. Mbili, rangi mbili zinaweza kulingana kwa taa na kuachana kwa jua, kwa sababu unga uliomo ndani si wa aina moja na kila mwanga unauamsha kivyake. Trekta linaishi juani, lipimie juani.

Kwa hivyo usikubali kuchanganyiwa galoni kabla hujatoa sampuli nje ya duka.

Fundi Puliza

Mkulima Njoro amemaliza, mimi naongezea upande wa kazi.

Usimpe fundi jina la rangi. Ukiniambia "nyekundu ya Massey" nitakuuliza ipi, ya nyanya, ya damu ya mzee au ya matofali? Vivyo hivyo kijivu. Makopo yanayouzwa kwa jina la trekta fulani hayalingani, kila mtengenezaji ana jicho lake. Kadi za RAL (orodha ya rangi zenye namba) na za viwango vya Uingereza zinasaidia kukufikisha mtaa, nyumba utaitafuta mwenyewe.

Kata vibati sita vya ukubwa wa kiganja. Vipige praima ileile utakayotumia kwenye trekta, maana rangi ya chini inabadilisha ya juu. Nyekundu ndiyo inayoumbuka zaidi: juu ya praima nyeupe inachangamka, juu ya kijivu inatulia, juu ya ile ya kutu inazama. Kijivu kinaficha vizuri zaidi lakini nacho husogea. Puliza kila kibati mikono miwili kamili, kiache kikauke usiku kucha. Rangi mbichi inadanganya, na enameli nyingi hukoza kidogo zikikauka.

Kisha kiweke kibati kimegusana na kijivu cha zamani, ukingo kwa ukingo. Ukiacha nafasi hata ya sentimita moja jicho linasamehe. Tazama saa nne asubuhi, tazama saa kumi jioni, tazama kivulini. Andika nyuma ya kila kibati kwa kalamu ya wino: rangi gani, matone mangapi ya nyeusi, ya njano, ya bluu. Bila maandishi hutakipata tena.

Kuhusu aina ya rangi: wengi watakwambia upige ya hadena, ile dawa ya kukomaza rangi, inadumu. Ni kweli inadumu. Lakini ile hadena inaharibu mapafu, na kitambaa puani hakizuii chochote. Kama huna barakoa ya hewa safi, piga enameli ya kawaida. Ndiyo iliyo karibu zaidi na ya kiwandani hata kwa mng'ao. Trekta la 1957 likimeremeta kama gari la harusi linakuwa limepotea.

Mama Ngano

Naomba niulize kwa heshima. Mimi nalima Kilimanjaro Magharibi na ninayo 135 ya marehemu mume wangu. Hivi kwa nini liwe kijivu? Babu yako alilinunua jekundu, amelima nalo jekundu, watoto wamesomeshwa na trekta jekundu. Coventry lilikaa siku ngapi? Karatu limekaa miaka mingapi? Mimi naona historia yake ni ya hapa.

Mjukuu wa Oldeani

Mama, shikamoo. Swali lako limenilaza macho siku tatu, sikutaka kulijibu haraka.

Nilikwenda kwa shangazi, ndiye mkubwa aliyebaki. Akaniambia ile nyekundu ya juu, yenye mistari ya brashi, babu aliipaka mwenyewe baada ya mavuno mazuri fulani, na yeye shangazi alishika kopo. Kwa hiyo nimeamua hivi: trekta litarudi kijivu na shaba, ila madigadi ya kushoto upande wa ndani sitaigusa. Itabaki na nyekundu zote mbili na mistari ya brashi. Anayepanda ataiona kila anapokanyaga klachi. Shangazi ameridhia.

Mama Ngano

Marahaba mwanangu. Kama mwenye kopo ameridhia, mimi ni nani. Endelea.

Mbongo Midlands

Uamuzi mzuri, na una faida ya kifundi pia. Kila anayefufua trekta aache kipande cha awali mahali pa siri, ili atakayekuja baadaye apate pa kupimia.

Jambo moja zaidi kuhusu kijivu. Sampuli yako bora iko nyuma ya dashibodi, gizani. Enameli za mafuta zikikaa gizani miaka mingi hugeuka umanjano kidogo. Usiilinganishe siku ileile unapoifungua. Ifunue, isafishe, iache ipate mwanga wa jua siku kadhaa, ule umanjano utapungua sana. Huku nimeona watu wakitetea kijivu chenye rangi ya maziwa mgando, kumbe ni kijivu kilichofungiwa.

Na usishangae ukikuta matone na michirizi kwenye tumbo, au boliti na mabomba yamepakwa pamoja na chuma. Kiwandani tumbo lilipulizwa likiwa limeshafungwa. Fundi wako asifungue kila boliti na kuipaka mbalimbali, hapo atakuwa anatengeneza kitu ambacho Coventry haikuwahi kutoa.

Mjukuu wa Oldeani

MREJESHO WA PILI.

Kijivu kimepatikana kwenye kibati cha tano. Dashibodi niliianika siku tisa, na kweli ilibadilika, siku ya kwanza nilipoilinganisha na kibati cha pili nilidhani nimemaliza, siku ya tisa kibati hichohicho kilionekana cha njano. Cha tano kina nyeusi, tone la bluu na njano kidogo mno. Nilikiweka ukingo kwa ukingo saa nne, nikamwita mdogo wangu bila kumwambia kitu, nikamuuliza mpaka uko wapi. Akaonyesha sehemu siyo.

Shaba ndiyo imenitesa. Nilichanganya kulingana na ile iliyokuwa chini ya ukoko wa grisi, nikapata shaba nzito ya kahawia. Nikapuliza upande wa kulia wa giaboksi. Siku iliyofuata akapita mzee mmoja, sasa ana zaidi ya miaka themanini, ujana wake alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la kahawa Oldeani. Akalitazama bila kusema kitu, akalizunguka, akaegemea fimbo. Kisha akasema: "Haya yalikuja mawili. Lakini tumbo halikuwa hivi. Lilikuwa kama sufuria mpya."

Sikumbishia. Nilichukua spana nikaanza kufungua kila kilichobanwa kwenye injini. Chini ya kibano cha waya wa dainamo, sehemu ambayo haikupata hewa wala mafuta, kuna mstari mwembamba kama upana wa kidole kidogo. Ni shaba nyepesi, yenye dhahabu ndani yake. Mzee alikuwa sahihi.

Fundi Puliza

Hapo ndipo pa kupimia. Rangi za namna hiyo zina unga wa metali halisi, na unga huo ukipata hewa unapoteza nuru kama bangili ya shaba. Grisi nayo inaingia ndani na kuukolezea ukahawia. Sugua ule upande wa kulia ukiwa bado mchanga, anza upya. Na kopo la shaba likoroge kila dakika chache, unga unatuama chini. Usipokoroga, mwanzo wa kazi na mwisho wake zitakuwa rangi mbili.

Mkulima Njoro

Na uweke bunduki ya kupulizia rangi umbali mmoja kila mahali. Ukisogea karibu, ule unga unalala vingine na unaona mabaka. Nimeyaona kwa jirani.

Mjukuu wa Oldeani

MREJESHO WA MWISHO.

Tumbo limekwisha jana. Mikono mitatu ya shaba, mdogo wangu akikoroga. Boneti na madigadi zimekauka kwenye ghala, kijivu. Rimu nilizisugua nikakuta kijivu kilekile chini, nazo zitafuata wiki ijayo, mvua ikiruhusu.

Leo asubuhi nimemfuata yule mzee nyumbani kwake na pikipiki. Alipofika alipitisha kiganja kwenye giaboksi, akatikisa kichwa kukubali. Halafu akaenda mbele, akainama, akaweka kidole kwenye boneti pale katikati, akaniuliza nembo iko wapi.

Nembo sina. Pati nimeshaitoa, matundu mawili yako wazi na yamepakwa kijivu mpaka ndani. Mdau yeyote mwenye nembo ya mbele ya Ferguson 35, hata kama imepinda, aniambie hapahapa kwenye uzi. Nitaifuata popote ilipo.